Kidoti Usoni: Ayurveda Ilikipeleka kwa Mpasuaji, Sisi Tunakirudisha Jikoni

Chokaa ya tambuu na magadi. Wengine husema chokaa na kipande cha sabuni ya mche. Hiyo ndiyo "dawa ya Kihindi ya vidoti" inayozunguka kwenye simu za watu: chukua kijiti cha meno, chovya, gusa kidoti, subiri kikauke kitoke chenyewe. Anayeisambaza huongeza kwamba ni Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, ni ya kale, ni ya asili. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo inayowaunguza watu nyuso.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kikombe. Chokaa ya tambuu ni kalsiamu hidroksidi. Magadi, yawe ya Ziwa Magadi au ya Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni sodiamu kaboneti na bikaboneti. Vikikutana na maji, chokaa huyanyang'anya magadi kaboneti yake, inatuama chini kama unga mweupe usio na makali, na maji yanayobaki juu yana sodiamu hidroksidi. Kwa jina la dukani, kostiki soda, ileile ambayo mtengeneza sabuni makini haigusi bila glavu. Chokaa na sabuni hufika palepale kwa njia ndefu zaidi. Kwa hiyo anayepaka mchanganyiko huo shavuni hapaki mitishamba. Anapaka dawa ya kuzibulia mabomba ya choo.

Na Ayurveda kweli ilikuwa na kitu cha namna hii. Inakiita kshara, na kimeelezwa kirefu kwenye Sushruta Samhita, kitabu cha Kisanskriti cha upasuaji. Tofauti ni kwamba humo kshara ni chombo cha mpasuaji, kimewekwa jirani na kisu na moto, pamoja na masharti ya nani akishike, kwa ugonjwa gani, kwa muda gani, na kizimwe kwa nini. Masharti yote hayo yamepotelea njiani. Kilichofika kwenye simu ni makali peke yake.

Kitabu hicho hakina neno moja tu la "kidoti", kina kadhaa. Sura ya 13 ya sehemu ya utambuzi wa magonjwa inaorodhesha magonjwa 44 yanayoitwa kshudra roga, yaani maradhi madogo, na humo alama za usoni zimechambuliwa moja moja. Tilakalaka ni doa jeusi lililolala sawa na ngozi, lisilouma, lenye ukubwa wa punje ya ufuta. Tila ni ufuta, kala ni nyeusi. Mashaka ni kile kilichoinuka, kigumu, kisichouma, kilichofanana na masha, yaani zile choroko nyeusi ambazo maduka ya Kihindi huuza kwa jina la urad. Jatumani ni alama ambayo mtu amezaliwa nayo. Nyaccha ni baka la mwilini, vyanga ni baka la usoni, lile ambalo wanawake wengi hulipata wakati wa ujauzito. Chunusi za ujana nazo zina jina lao, mukhadushika, maana yake "kiharibu uso". Chunjua na vinyama vinavyochomoza ngozini vimepewa jina la charmakila, msumari wa ngozi, na kwa aliyewahi kushika chunjua ngumu ya kidoleni jina hilo halihitaji maelezo.

Kwa nini ugawaji huu una maana? Kwa sababu waandishi wake walizihusisha alama hizi na vina tofauti. Walihesabu tabaka saba za ngozi, unene wake wakiupima kwa punje ya mpunga, kisha wakasema doa lililolala na baka la usoni hukaa tabaka la pili, na kidoti kilichoinuka hukaa tabaka la tatu. Darubini ya leo ina hesabu nyingine na majina mengine, ila wazo la msingi limesimama. Kidoti bapa kwa kawaida ni seli za rangi zilizokusanyika mpakani mwa ngozi ya juu na ya chini. Kile laini kilichochomoza huwa seli zake zimeshuka chini zaidi. Ukikiparua juu tu, shina linabaki, na mara nyingi rangi inarudi katikati ya kovu.

Sasa angalia tiba. Kwa chunusi na baka la usoni, sura ya 20 ya sehemu ya matibabu inatoa mikando ya kupaka, mizizi, magome, maziwa. Ikifika kwa jatumani, mashaka na tilakalaka, haina mkando wowote. Inasema kiondolewe kwa kisu, kisha pachomwe kwa kshara au kwa moto, taratibu. Basi. Hakuna ndimu, hakuna kitunguu saumu, hakuna asali ya usiku kucha. Mila yenyewe ilitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tumevichanganya: utunzaji wa ngozi, ambao ni wa jikoni, na uondoaji wa kidoti, ambao ni wa mpasuaji.

Jinsi kshara inavyotengenezwa inatosha kuonyesha kwamba si mzaha. Mmea unaotumika sana ni Achyranthes aspera, magugu yenye vijimbegu vinavyong'ang'ania nguo ukipita kichakani. Kwa Kisanskriti apamarga. Unakaushwa mzima, mizizi na majani, unachomwa mpaka uwe majivu meupe. Majivu kipimo kimoja huchanganywa na maji vipimo sita, hukorogwa, huachwa yatulie, kisha huchujwa kwa kitambaa mara 21. Maji hayo yaliyo wazi huchemshwa polepole hadi yazidi kuwa mazito na ya kuteleza vidoleni. Hapo ni kshara laini, ambayo kikemia zaidi ni potasiamu kaboneti, binamu wa magadi yanayotokana na majivu ambayo bibi zetu waliyatumia kulainisha maharage na mboga. Ikitakiwa kali zaidi, huongezwa chokaa iliyochomwa na makombe ya baharini yaliyochomwa. Hapo ndipo kaboneti inapogeuka hidroksidi, kama kwenye kile kikombe chetu. Waliijua kazi ya chokaa bila kujua jina la hidroksidi.

Kuipaka kuna utaratibu wake. Mahali husafishwa na kukwaruzwa kidogo, kshara huwekwa kwa kijiti juu ya kidoti tu, na muda unahesabiwa: kiasi cha kutamka silabi 100, chini ya dakika mbili kwa mtu asiye na haraka. Mganga haangalii saa peke yake, anaangalia rangi. Ngozi iliyochomeka sawasawa, vinasema vitabu vya Ayurveda, huwa na rangi ya tunda la jambu lililoiva. Jambu ni zambarau, hizihizi zetu zinazopaka ulimi rangi. Ikiwa nyekundu tu, haijafika. Ikipita weusi wa zambarau, ikaanza kutoa damu na kuvimba, imepitiliza. Rangi ikishafika, kshara inazimwa kwa kitu kichachu: siki, maji ya wali yaliyochachuka, na kadhalika. Maelezo yake ni matamu kuyasoma. Kshara, wanasema, ina ladha zote isipokuwa uchachu, na ikikutana na uchachu ukali wake hugeuka utamu, ukatulia kama moto uliomwagiwa maji. Ni somo la besi na asidi la kidato cha pili, limeandikwa kwa lugha ya ulimi. Baada ya hapo hupakwa samli na asali. Gamba likikataa kutoka, linawekewa mkando wa ufuta na urukususu, ule mzizi mtamu, uliosagwa pamoja na mashapo ya yale maji machachu.

Njia ya moto, agnikarma, ni fupi zaidi. Kwa ngozi ya juu walitumia vitu visivyobeba joto jingi, kama pilipili ndefu iliyopashwa moto au kijiti cha chuma chembamba, na dalili za kusimama ni tatu: mlio mdogo, harufu ya kuungua, ngozi kujikunja. Msimu wa joto kali waliukwepa isipokuwa kwa dharura. Waganga wa leo nchini India hutumia kijiti cha madini matano au mashine ya umeme, na baadhi yao sasa hudunga ganzi kwanza.

Hayo ndiyo yanayokosekana nyumbani. Hakuna anayesimama kutazama rangi ya zambarau, kwa sababu mwenye kidoti anajitazama mwenyewe kwenye kioo cha bafuni. Hakuna anayejua nguvu ya mchanganyiko wake. Chokaa ya mkebe wa leo si chokaa ya mkebe wa jana. Na hakuna anayezima. Ubaya mkubwa wa besi kali ni kwamba haijifungii mlango. Asidi ikiunguza hugandisha protini, na ule utando unaoganda huizuia kidogo isishuke. Besi huyageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni na kuyeyusha protini, ikaendelea kushuka hata baada ya kufutwa juu. Tena mwanzoni haiumi sana. Mtu anafikiri bado haijafanya kazi, anaongeza. Kesho yake kuna shimo lenye upana mara tatu ya kidoti, na miezi sita baadaye kuna kovu lenye doa jeusi pembeni na doa jeupe katikati. Ngozi nyeusi hulipiza kila jeraha kwa rangi.

Jeraha likishatokea: pangusa unga wowote mkavu kwa kitambaa kikavu, kisha maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, si kuloweka kwenye beseni. Usikimbilie siki kwa kuwa umeisoma hapo juu. Kuzima kwa kipimo juu ya nukta ya milimita 3 ni kazi ya mwenye mkono uliozoea. Shavu lililoungua linahitaji maji mengi. Ikiingia jichoni, suuza nusu saa huku mtu mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Besi jichoni hupofusha.

Vitu vingine vya jikoni vina makosa yao. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwa plasta usiku kucha huunguza ngozi kweli, na huunguza ngozi nzima iliyo chini ya plasta, si kidoti peke yake. Ndimu ikipakwa na mtu akatoka juani, kemikali zilizo kwenye ganda na juisi yake huamshwa na mwanga wa jua, yanatokea malengelenge na baadaye michirizi ya kahawia inayokaa wiki hata miezi. Utomvu wa mnyaa usiuweke popote karibu na jicho. Halafu kuna mafuta ya ganda la korosho. Ayurveda ina bhallataka, kokwa ya jamii moja na mkorosho, yenye utomvu mweusi unaobabua, na waganga hawaitumii kabla ya kuifukia na kuisugua kwenye unga wa matofali ili unyonye mafuta yake makali. Wanaobangua korosho Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa habari za mafuta hayo. Vidole vyao vinajua.

Ila kuungua si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kuchoma kitu kabla ya kujua ni nini.

Kwa watu weusi, vile vinundu vidogo vyeusi vinavyotapakaa mashavuni na kandokando ya macho, ambavyo huongezeka umri unavyokwenda na mara nyingi mama na binti wanavyo vilevile, kwa kawaida si vidoti hata kidogo. Kitaalamu ni dermatosisi papulosa nigra; daktari Mwitaliano Aldo Castellani alivipa jina hilo mwaka 1925. Ni unene wa ngozi ya juu tu, vya kurithi, havigeuki saratani. Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani ni kitu kingine, navyo havina madhara. Chunjua husababishwa na virusi na huambukiza, kwa hiyo kuichokonoa kwa wembe na kisha kujinyoa kwa wembe huohuo ni kuipanda upya. Kidoti chenyewe kwa kawaida hutokea utotoni au ujanani, kina rangi moja, kingo zake ziko wazi, nacho hakibadiliki kwa haraka.

Kinachotakiwa kukushtua ni hiki: nusu moja haifanani na nyingine; kingo zimechanika kama ramani; rangi ni zaidi ya moja, nyeusi hapa, kahawia pale, labda na wekundu au ubuluu; upana umezidi milimita 6, kiasi cha kitako cha penseli chenye ufutio; na zaidi ya yote, kinabadilika, kinakua, kinawasha, kinatoa damu bila kukwaruzwa. Kidoti kipya baada ya miaka 40 kionyeshwe kwa daktari hata kama ni kizuri. Mwenye ualbino asisubiri hata dalili hizi: kidonda au gamba la usoni lisilopona kwa wiki nne linatosha kumpeleka kliniki.

Na tusiutazame uso peke yake. Kwa ngozi nyeusi melanoma, saratani ya seli za rangi, haipendi sana uso. Hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kupaka rangi ngozi ya pembeni, ni habari nzito kuliko vidoti kumi vya shavuni.

Hapa ndipo chokaa inapofanya dhambi yake kubwa. Kidoti kilichokatwa na daktari hupelekwa maabara, kikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa. Kilichochomwa hakina cha kutazamwa. Kama kilikuwa kibaya, juu pamekuwa na kovu safi na chini seli zinaendelea na safari. Lawama hii haiwahusu waganga wa kale, ambao hawakuwa na darubini. Ila mtu wa leo anayeunguza kwa kshara, kwa leza au kwa mashine ya saluni kitu ambacho hakijatambuliwa hana udhuru, awe amesomea Kerala kule India au amejifunza kwenye video. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilieleza bayana kwamba hakuna dawa yoyote ya kuondoa vidoti nyumbani iliyoidhinisha. Zile krimu za mtandaoni zenye picha ya jani la kijani, nyingi zina asidi kali au zinki kloridi ndani.

Anayetaka kukiondoa kwa sababu tu hakipendi, na daktari ameridhika kwamba hakina shida, ana njia kadhaa. Kidoti kilichoinuka hukatwa usawa wa ngozi kwa wembe wa upasuaji chini ya ganzi, au huondolewa chote na kushonwa. Vile vinundu vya mashavuni huguswa kwa umeme mdogo sana au kukwanguliwa, na mtaalamu mwangalifu hujaribu viwili vitatu kwanza karibu na nywele, anangoja wiki kadhaa aone ngozi imejibu vipi, ndipo aendelee. Kugandisha kwa naitrojeni kimiminika ni kuzuri kwa chunjua, lakini baridi huua seli za rangi haraka kuliko seli nyingine, hivyo kwenye uso mweusi huweza kuacha madoa meupe ya kudumu. Uliza kabla. Mwenye historia ya makovu yanayotuna, hasa masikioni, taya na kifuani, aseme mapema. Kwa Afrika Mashariki, wataalamu wengi wa ngozi wamepitia kituo cha mafunzo cha RDTC pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambako pia hutengenezwa losheni ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua. Huko India kwenyewe suala la waganga wa Ayurveda kushika kisu bado ni moto: mwishoni mwa 2020 baraza lao liliorodhesha upasuaji ambao wahitimu wa shahada ya uzamili wanaruhusiwa kuufanya, na madaktari wa kisasa wakagoma.

Tuache kidoti, turudi kwenye uso, maana huku Ayurveda ina mengi ya kutumika jikoni bila hofu.

Mkando wa uso, lepa, una kanuni ambazo wauzaji wa barakoa za pakiti hawazisemi. Upakwe kuelekea juu, kinyume na vinyweleo vinavyolala. Uwe mzito kidogo, si utando wa kuonekana ngozi. Usipakwe usiku. Uliokwisha kutumika usirudishwe. Na kanuni niipendayo kuliko zote: uondolewe kabla haujakauka, na kabla ya kuuondoa uloweshwe. Mkando ukikauka hauna kazi tena isipokuwa kuvuta maji kutoka kwenye ngozi, na ukiubandua mkavu unakwangua. Ule mkazo wa uso unaopendwa kwenye matangazo, "nahisi inafanya kazi", ni ngozi inalalamika. Ashtanga Hridaya ya Vagbhata, kitabu kingine cha kale cha Ayurveda, inaongeza kwamba aliyepakwa asilale mchana, asiseme sana, asikae motoni wala juani, asihuzunike wala kukasirika. Inachekesha mpaka ukumbuke kwamba uso unaoongea hupasua mkando.

Kwa matumizi ya kawaida, mara mbili kwa wiki: unga wa dengu vijiko viwili vya chakula, uliochekechwa mara mbili, liwa au sandali iliyosagwa nusu kijiko cha chai, manjano robo kijiko cha chai, isizidi, maziwa au maji ya waridi ya kutosha kufanya uji mzito, kama vijiko viwili. Ngozi yenye mafuta itumie maji ya waridi, ngozi kavu itumie maziwa na matone machache ya mafuta ya ufuta. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Uso uoshwe, mkando ukae dakika 8 hadi 10, kisha lowesha vidole kwa maji ya uvuguvugu, ulainishe, usafishe bila kusugua. Penye kidoti pita juu kwa upole. Kukisugua ili "kififie" hakukifanyi kitu isipokuwa kukijeruhi. Usiongeze ndimu. Usiongeze sukari, chembe zake ni kama kokoto kwa ngozi ya uso. Manjano yakiacha umanjano, ni kwa sababu yalizidi. Kwenye nguo usiyaoshe kwa sabuni kwanza, kwani hugeuka mekundu kwenye sabuni. Rangi hiyo huvunjwa na jua, kwa hiyo fua kisha anika juani siku mbili tatu.

Msomaji wa Unguja au Mombasa ameshaona kwamba haya si mageni. Liwa inayosagwa kwenye jiwe na singo ya bibi harusi ni ndugu wa ubtan ya Kihindi, vitu vilivyopandana kwenye bahari ileile.

Kwa chunusi, mkando wa kale ni gome la lodhra, mzizi wa vacha na mbegu za giligilani, sawa kwa sawa, vimesagwa kwa maji. Lodhra hukaza ngozi. Mwenye chunusi asipake mafuta mazito juu yake kwa jina la asili. Mafuta ya nazi yanaziba vitundu vya ngozi ya wengi.

Kwa baka la usoni kuna kumkumadi, mafuta ya zafarani, ambayo ya dukani mara nyingi yana zafarani kwenye lebo kuliko kwenye chupa. Toleo dogo la nyumbani linawezekana. Uwiano wa kanuni ni mkando mmoja, mafuta manne, kioevu 16. Kwa hiyo gramu 25 za mizizi iliyosagwa (urukususu 10, sandali 5, manjano 5, manjistha 5), mililita 100 za mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kukaangwa, na mililita 400 za kioevu: 300 za maji yaliyochemshiwa urukususu, 100 za maziwa ya mbuzi. Sufuria iwe nzito, moto mdogo, saa mbili hadi tatu, na mwiko usitoke chini, kwa sababu protini ya maziwa hutuama na kuungua, na ikiungua mafuta yote yananuka. Yanapokaribia, povu hupanda. Chukua mashapo kidogo, yaviringishe kati ya vidole: yakikubali kuwa utambi laini, yameiva, yakinata, bado, yakivunjika kama makombo, umechelewa. Dondosha kidogo motoni: yakilia tatatata, kuna maji bado, na maji hayo ndiyo yatakayoleta ukungu ndani ya chupa. Chuja yakiwa ya moto kiasi, tia nyuzi 10 hadi 15 za zafarani zilizosagwa, weka kwenye chupa ya rangi ya kahawia, tumia ndani ya miezi mitatu. Matone matatu usiku kwenye uso wenye unyevu. Mwenye ngozi ya mafuta ayaoshe baada ya nusu saa. Usitegemee kuona tofauti kabla ya miezi miwili, na tofauti yenyewe ni ndogo: baka hupungua ukali wa rangi, halifutiki.

Nunua manjano ya mzizi uyasage mwenyewe. Huko Bangladesh watafiti waligundua unga uliotiwa kromati ya risasi ili ung'ae. Vidonge na majivu ya madini ya Ayurveda usivimeze kwa ajili ya ngozi bila kujua vimepimwa wapi: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na krimu yoyote "ya mitishamba" inayong'arisha uso ndani ya wiki moja ni mkorogo uliovaa sari. Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni viondolewe sokoni ifikapo 2020, lakini sokoni bado vipo.

Kilichobaki ni jua, na hapa kitabu na kliniki vinakubaliana. Baka la usoni hurudi kwa jua hata baada ya mafuta ya bei mbaya. Kwa ngozi nyeusi mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea rangi, kwa hiyo losheni ya SPF 30 yenye rangi, yaani iliyotiwa oksidi ya chuma, inafaa baka kuliko ile isiyo na rangi. Losheni ya urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili ukiwa nje, na kofia yenye ukingo mpana. Vidoti vyako vipige picha kwenye mwanga wa dirisha, sarafu ikiwa kando yake kwa ajili ya kipimo, kila baada ya miezi mitatu. Sarafu iwe ileile.